Fundi Aliyebania Maji

Kisa hiki ni cha kufundishia, ndiyo maana fundi wake hana jina. Mweke Haydom, kwenye kibanda cha cherehani kando ya barabara ya kwenda Mbulu, mwezi Septemba, mvua zimekatika tangu Mei na kila ndoo ya maji inahesabiwa.

Alikuwa hodari wa kufufua vitu vilivyochakaa. Bangili ya plastiki iliyopauka, kibanio cha nywele, mkanda, pochi iliyobanduka pembe: vyote alivivisha batiki aliyoitia rangi mwenyewe. Mabinti wa ukoo mmoja wakamletea mzigo kwa ajili ya sendofu ya dada yao. Shangazi yao akaongeza mkoba wake wa ngozi.

"Mwanangu, huu nilibebea nguo za mtoto nilipojifungua hospitali ya Walutheri. Usiniharibie."

"Ondoa shaka, shangazi. Rangi zangu hazichuji."

Kosa la kwanza lilifanyika mnadani. Alinunua shuka jeupe la mitumba akiamini ni pamba tupu. Angevuta uzi mmoja akauchoma, angejua: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Shuka lilikuwa mchanganyiko. Rangi za batiki hushika pamba, poliesta haizipokei, kwa hiyo bluu ikatoka hafifu. Badala ya kujiuliza, akaongeza unga.

Wapo mafundi wanaojua kuchanganya bila kujua ndoo inafanya nini. Unga wa rangi hizi, za aina aliyoivumbua mkemia René Bohn wa BASF ya Ujerumani mwaka 1901, hauyeyuki katika maji. Kostiki soda na haidrosulfaiti huulazimisha uyeyuke, ukapenya kwenye nyuzi. Kitambaa kikitolewa na kupigwa na hewa, rangi hurudia hali yake ya kutoyeyuka, safari hii ikiwa imenaswa ndani. Ndiyo maana batiki iliyoiva haiogopi sabuni. Lakini rangi iliyobaki juujuu haijanaswa na chochote. Hiyo lazima isuuzwe mpaka maji yawe meupe, kisha kitambaa kichemshwe kwa sabuni na kusuuzwa tena. Kusuuza huko ndiko huondoa pia kostiki, ambayo huunguza ngozi ya mtu na kuharibu ngozi ya mkoba.

Fundi alisuuza mara moja tu. Kwa kuwa alitumia batiki ya kufunga mafundo, isiyo na nta ya kuyeyusha, aliona hata kuchemsha hakuna haja.

"Maji yenyewe ya kununua," alimwambia binti aliyemsaidia. "Wakifua kwao itaisha."

Kauli hiyo ndiyo iliyomponza kuliko uhaba wa maji. Gauni la batiki litafuliwa. Likichuja mara mbili tatu, litatulia. Bangili na pochi nani anafua? Kitambaa kikishagandishwa kwa gundi juu ya kadibodi, beseni limekwisha kazi, na kilichosahaulika humo kitatokea mwilini mwa mvaaji. Tena vipande vya kazi hii ni vidogo. Angevikata kwanza, ndoo chache zingetosha kuvisuuza vyote.

Sendofu ikachangamka, watu wakacheza, jasho likawatoka. Mikono ya magauni ya rangi ya maziwa ikaota pete za bluu. Mkanda wa mkoba ukamchora shangazi begani. Wenye vibanio wakaanza kujikuna vichwa, wengine wakadhani ni mba.

Shangazi hakugombana. Jumatatu aliuweka mkoba juu ya cherehani, akasema, "Ubandue." Batiki ikatoka na tabaka la juu la ngozi, ya chini ilikuwa imekakamaa na kuingia madoa meusi.

"Nishonee mkanda tu, mwanangu. Nitaubeba hivyohivyo."

Mkanda aliushona bila malipo. Magauni aliyalipa kwa kuwashonea bure wenyewe mpaka mvua ziliporudi.

Sasa kabla ya kushika gundi hulowanisha leso nyeupe akakisugua kitambaa kwa nguvu. Leso ikitoka na bluu, kitambaa kinarudi kwenye beseni, hata kama mteja amesimama mlangoni na bodaboda inamsubiri.