Nembo za Chuo si Ithibati ya Kozi Yako

Kijana mmoja wa Moshi alifaulu vizuri fizikia na hisabati kidato cha sita. Wakala akamletea kijitabu cha chuo binafsi cha uhandisi kusini mwa India. Jalada lilijaa nembo, na chini yake ahadi: shahada inayotambulika dunia nzima. Wazazi wakauza kiwanja, wakalipa.

Nembo zote zilikuwa za kweli. Hakuna aliyeuliza kila moja ina maana gani.

Ya kwanza ilikuwa ya chuo kikuu cha serikali. Vyuo vingi binafsi vya huko havitoi shahada vyenyewe. Huwa chini ya chuo kikuu ambacho ndicho hutunuku. Ya pili ilikuwa ya AICTE, baraza la elimu ya ufundi lililopewa nguvu za kisheria mwaka 1987. Hilo hutoa kibali cha kufundisha kozi. Ya tatu, ya bodi ya ithibati iitwayo NBA, ndiyo iliyomponza. Bodi hiyo haithibitishi chuo kizima. Huthibitisha programu mojamoja, tena kwa muda maalumu. Pale chuoni, uhandisi wa mitambo ulikuwa na ithibati. Yeye alisomea umeme.

Miaka ikapita, akaomba kutambuliwa kama mhandisi nchini Australia. Alijua kwamba India ni mwanachama kamili wa Mkataba wa Washington tangu 2014, na kwamba wanachama hutambuliana shahada za uhandisi. Hakujua kwamba kwa India mkataba huo unahusu programu za daraja la kwanza la NBA tu. Kozi za vyuo vilivyo chini ya chuo kikuu kingine, visivyojitegemea kitaaluma, huwekwa daraja la pili, na chake kilikuwa hivyo. Hata angesoma mitambo, asingepita njia hiyo. Ikambidi aandike ripoti ndefu za kazi zake, moja baada ya nyingine, athibitishe uwezo ambao alidhani cheti kimeshauthibitisha.

Mzazi, kuuliza si ujinga. Kabla ya kulipa, uliza: shahada inatolewa na nani? Kozi ya mwanangu ina ithibati, ya daraja gani, mpaka lini? Majibu yahakikishe kwa bodi yenyewe. Kisha ulizia TCU, inayotathmini shahada za nje, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wakala akikuhimiza ulipe kwanza, usimpe hata shilingi.