Kuiacha Kazi na Kuishika Nyingine

Katika mambo ambayo watu huyapima kwa haraka, na hali yataka kupimwa polepole, ni hili la mtu kuiacha kazi aliyoizoea na kwenda kuishika nyingine. Mtu amekuwa karani miaka kumi na mitano, au fundi wa majahazi, au mwalimu wa chuo, au mwenye duka. Ana mke na watoto, na pengine mama mzee. Kisha moyo hautulii. Asubuhi aamka mzito. Awaona wenziwe waliokwenda Ghuba wamerudi na mali, asikia huyu amefungua duka na yule amenunua gari la abiria, naye ajiuliza: Je, mimi nimebaki hapa kwa subira au kwa uvivu? Na nikiondoka, nitakuwa nimetawakali, au nitakuwa nimeichezea riziki ya watu wangu? Swali hili si la dunia tupu, kwani saa za umri wa mwanamume zipitazo kazini ni nyingi kuliko zipitazo msikitini.

Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah habari ya mfanya biashara mmoja, jina lake Nafii, aliyekuwa akipeleka bidhaa zake Sham na Misri. Baadaye akaona azielekeze Iraki, akaenda kwa Bibi Aisha (R.A.) kumweleza. Bibi Aisha akamkataza, akataka kujua ana nini na soko lake la kwanza, kisha akamtajia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), ya kuwa mtu akifunguliwa njia ya riziki asiiache mpaka imbadilikie au iwe ngeni kwake. Wajuzi wa hadithi wameitaja sanadi yake kuwa ina udhaifu, nasi hatuileti kuwa ni hoja ya kukata shauri. Twaileta kwa kuwa maana yake ni njema, na kwa kuwa maneno yale mawili, kubadilika na kuwa ngeni, yamfaa sana mtu aliyesimama baina ya kukaa na kuondoka.

Kubadilika kwa kazi sisi watu wa pwani twakujua. Zamani watu wengi wa Mombasa na miji ya jirani walichuma kwa misafara ya bara, wengine wakuu wa misafara na wengine wapagazi. Reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwisho wa 1901 ikafika Kisumu. Mizigo iliyokuwa ikichukuliwa kwa vichwa vya watu kwa miezi ikawa yafika kwa siku chache. Kadhalika watu wa Lamu waliozoea kupakia boriti za mikoko kwa majahazi ya Arabuni na Ghuba, mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilikataza boriti hizo kupelekwa nje. Mtu aliyefikwa na hali kama hizi hana haja ya kuuliza kama wakati umefika. Mlango umekwisha kufungwa, na kuubishia ni kupoteza siku.

Walakini msimu mbaya si mlango uliofungwa, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba mwaka mmoja huzaa hata wachumaji wakakosekana, na mwaka wa pili ikazaa kidogo tu. Mwenye shamba akiikata kila iingiapo mwaka wa kidogo, mwaka wa nyingi utamkuta hana mti. Basi mwenye hasara na ajiulize kwanza: Hasara hii imetupata sote tulio katika kazi hii, au imenipata mimi peke yangu? Ikiwa ni yetu sote, atazame kama ni ya kupita au ni ya daima. Na ikiwa ni yake peke yake, na jirani yake wa ubavuni auza na kupata, basi haifai kuilaumu kazi. Autazame mkono wake, na mizani yake, na saa afunguayo duka.

Amma lile neno la pili, kazi kuwa ngeni, lina undani zaidi. Kazi ipo, pato lapatikana, na watu wamheshimu mwenyewe. Lakini imekuwa hawezi tena kuifanya kwa haki yake. Pengine ni kwa sababu kazi yenyewe imeanza kumtaka asiyo halali, mfano karani aamrishwaye kuandika uzani ambao haukupimwa. Huyu simwambii atoke leo usiku na watoto wake walale njaa. Namwambia auzuie mkono wake na uwongo leo, na kutafuta mahali pengine kuanze kesho asubuhi. Akifukuzwa kabla hajapata, hilo limemjia kwa haki, wala si kwa kutamani kwake. Na pengine kazi ni safi kabisa, lakini aliyeharibika ni mtu mwenyewe ndani yake. Hali hii ndiyo ngumu kuijua, na katika kuieleza hatupati mfano ulio wazi kuliko wa Imam Ghazali.

Imam Ghazali alizaliwa Tus mwaka 450 Hijriya, yaani 1058. Mwaka 484, sawa na 1091, Waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Katika zama zile haikuwako kazi ya elimu iliyo kubwa kuliko ile. Yeye mwenyewe asimulia katika kitabu chake Al-Munqidh ya kuwa darsa yake ilikuwa na wanafunzi mia tatu. Kisha akaitazama niya yake katika kusomesha, akaona si kwa ajili ya Mungu. Kilichomsukuma ni jaha na kutajwa. Akashikwa na mashaka tangu Rajabu ya mwaka 488, yaani 1095, muda wa karibu miezi sita. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azima ikavunjika. Mwisho ulimi wake ukafungwa, asiweze kusomesha hata neno moja, wala chakula kisipite. Waganga wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Hapo akaigawa mali yake, akaondoka Baghdad katika Dhulkaada ya mwaka ule.

Watu wengi hukijua kisa hiki mpaka hapa, na hapa ndipo wanapokifanya udhuru. Kijana amechoka na dawati lake, husema: Hata Ghazali aliacha. Mwalimu wa chuo amechoka na kelele za watoto na ada zisizolipwa, husema: Hata Ghazali aliacha. Na mambo mawili katika kisa hawayataji. La kwanza ni kuwa alipoigawa mali yake alibakisha ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Yule aliyekuwa akiikimbia dunia hakukimbia na kibaba cha wanawe. La pili ni kuwa alirudi. Baada ya Sham na Kudsi na Hija, wito wa watoto wake ulimvuta kwao. Na mwaka 499, yaani 1106, akarudi kusomesha katika Nidhamiya ya Nishapur, akasomesha kwa muda, kisha akarejea Tus, na huko akafa mwaka 505, sawa na 1111. Yeye mwenyewe aeleza ya kuwa ijapokuwa alirejea katika kusomesha, hakurejea katika hali ile ya kwanza, kwani zamani alisomesha elimu ya kujipatia jaha, na sasa asomesha elimu ya kuiacha jaha. Basi kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni mwenye kazi.

Katika hayo nami napata kipimo ambacho nadhani chamfaa kila mwenye mashaka. Ajiulize: Lau kazi hii mpya ingekuwa na pato lile lile la kazi yangu ya sasa, na mtaani pasiwe na mtu wa kujua kuwa nimeibadili, je, ningeitaka? Akiona aitaka, basi huenda ile ya zamani imekuwa ngeni kwake kweli. Na akiona kuwa kilichomvuta ni gari la mwenziwe na nyumba ya ghorofa ya jirani, basi ajue ugonjwa si wa kazi. Akiuchukua moyo ule ule akenda nao Dubai au Maskati, utafika pamoja naye, tena hautalipa nauli.

Wako waonao kuwa kuuliza watoto watakula nini ni upungufu wa imani. Hayo si kweli. Seyyidna Abubakar (R.A.) alipokuwa khalifa alitoka asubuhi na nguo zake begani kwenda sokoni kuuza, kama alivyozoea. Seyyidna Omar na Abu Ubaida wakakutana naye, wakamwambia umekuwa mtawala wa mambo ya Waislamu. Naye akawauliza watu wake atawalisha kwa kitu gani. Ndipo akakadiriwa posho, naye akaacha biashara. Tazama mpango wake: kazi mpya imekwisha kumshika, na ya zamani hakuiacha mpaka swali la chakula limepata jawabu. Na hapana shaka kuwa imani ya Abubakar yazidi yetu.

Tena wako wasiopima lolote, ila huenda kwa mpiga ramli akawatazamie nyota, na wakirudi husema wamefanya istikhara. Istikhara aliyoifundisha Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Jabir katika Sahih Bukhari, ni rakaa mbili zisizo za faradhi na dua, afanyazo mtu mwenyewe aliyekusudia jambo. Haikutajwa humo ndoto, wala mchanga, wala kumtuma mwingine akulalie kwa ujira. Na mwenye kuifanya haimwondolei wajibu wa kushauriana na mkewe, ambaye ndiye ajuaye unga wa nyumbani wakaa siku ngapi, na wazee walio katika ile kazi aitakayo, wamweleze na taabu zake, si faida zake tu.

Akishakata shauri la kuondoka, yambakia madeni ya kazi anayoiacha. Fundi ana mwanafunzi aliyemchukua kwa wazazi wake, na jahazi la watu liko ufukweni mbao nusu. Mwenye duka ana amana za watu katika daftari. Mwalimu ana mtoto aliyefika katikati ya juzuu. Haya ni haki za watu, wala hazifutiki kwa sababu moyo wa mtu umechoka. Ghazali alipotoka Baghdad, nduguye Ahmad ndiye aliyeketi mahali pake akasomesha, na wale wanafunzi hawakukuta mlango umefungwa.