Barabara Isiyosema Karibu

Kwa Kiswahili neno moja linamwambia mgeni aingie, na linasema pia kwamba kitu hakiko mbali: karibu. Mtu anayekukaribisha anakupunguzia umbali. Sasa swali ni hili: mahali panapoongeza umbali kati ya watu panaweza kweli kusema karibu?

Angalieni Thika Road kule Nairobi, kilomita kama 50, iliyofunguliwa 2012. Sehemu nyingine ina njia nane. Mwenye gari anafika mapema, na hilo ni jema, hata ambulansi inapita humo. Lakini mwenye miguu anaona duka ng'ambo, analiona kabisa, halafu atembee mpaka darajani, apande, ashuke, arudi nyuma tena. Mama mwenye mtoto mgongoni anapiga hesabu, kisha anakimbia katikati ya magari. Akigongwa, tunauliza: kwani daraja hakuliona?

Je, kuna aliyemchukia huyo mama? Hakuna. Na hapo ndipo panapouma. Aliyechora alihesabu magari, miguu hakuihesabu. Sisi wakimbizi tumezoea kwamba ukifukuzwa, yupo anayekufukuza. Kumbe hata mchoro unaweza kukufukuza, bila hasira, bila bunduki, na usijue wa kumlalamikia ni nani.

Mtu atasema: kambini magari ni machache, hayatuhusu. Ni kweli, njia nyingi za Kakuma zimetengenezwa na miguu yetu tangu 1992. Zina vumbi, mvua ikinyesha ni tope, lakini ukienda kuteka maji unasalimiwa mara kumi. Sisifu umaskini, mgonjwa anataka gari limfikie mlangoni. Nasema tu kwamba salamu inataka mwendo wa miguu. Ndugu mfanyakazi wa shirika, ukiwa ndani ya Land Cruiser na vioo vimefungwa, nani atakusalimu, hata kama moyo wako ni mzuri?

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Basi barabara zitachorwa. Kabla hatujauliza magari yatapita kwa kasi gani, aulizwe bibi anayeuza mandazi kando ya njia: wewe utavukia wapi? Akisema ng'ambo imekuwa mbali, mchoro urudi mezani.