Mkate Chini ya Mretemu



Mnamkumbuka nabii Eliya baada ya ule ushindi wa Mlima Karmeli? Moto umeshuka, mvua imenyesha, mambo safi kabisa. Halafu Malkia Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja tu wa vitisho, na Eliya huyo, anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu afe. Kisha analala. Soma mwenyewe, 1 Wafalme sura ya 19.

Kinachonigusa mimi ni kile ambacho Mungu hakukifanya. Hakumhubiria. Hakumkemea kwamba nabii gani huyu mwoga. Malaika alimgusa tu, na pale kichwani pake kulikuwa na mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale. Maswali yalikuja baadaye sana, kule Horebu, baada ya safari ya siku 40.

Mwaka huu nimeirudia sana sura hiyo. Mama yangu alikatwa kinyama kidogo kwenye titi kwa ajili ya vipimo, tukaambiwa majibu ni baada ya wiki mbili. Wiki mbili, jamani! Simu ikiita, moyo unaruka. Rozari tulisali nyumba nzima, lakini baada ya sala usiku bado ni mrefu. Ndipo nikaanza kuoka mkate.

Hatuna oveni. Kwetu ni jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake sufuria ndogo yenye mkate, mfuniko, na makaa machache juu ya mfuniko. Nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya hamira, chumvi, sukari kidogo, mafuta, maji ya vuguvugu. Nasema vuguvugu, yakiwa ya moto sana hamira inakufa, mtakula jiwe. Unakanda dakika 10 hivi mpaka donge liache kunata mikononi. Na mikono ikiwa na unga huwezi kushika simu kusoma dalili za magonjwa mtandaoni. Hiyo peke yake ni neema.

Halafu unafunika kwa kitambaa na kusubiri. Hapo nilimfikiria yule mwanamke wa Mathayo 13 na chachu yake. Pishi tatu za unga si mchezo, ni mkate wa kulisha mtaa. Yeye anachanganya chachu, basi. Kazi inayofuata si yake. Kuchungulia kila dakika mbili hakuumui donge. Wiki mbili sikuweza kuzibeba, ila saa moja ya donge niliiweza. Nikaisubiri hiyo, kesho yake nyingine.

Sisemi kuoka ni sakramenti. Na kuna hofu ambayo mkate hauiwezi: kama hulali, huli, au unatamani kufa kama Eliya, tafadhali mwambie mtu leo hii, mzazi, padre, mlezi wa vijana, daktari. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba mwenye imani hatafuti faraja jikoni. Yohane 21, wanafunzi wametoka kuhangaika ziwani usiku kucha, na Yesu Mfufuka anawangoja ufukoni na moto wa makaa, samaki na mkate. Petro alikuwa na kesi nzito ya kumkana Bwana mara tatu. Kwanza wakala.

Majibu yalitoka siku ya Alhamisi. Ni saratani, ila imegundulika mapema na mama ameanza matibabu. Dawa zimemwondolea hamu ya kula. Wali hautaki, nyama hataki hata harufu yake. Mkate ukiwa bado wa moto anakula kipande na chai ya tangawizi, siku nyingine viwili. Jumatatu anarudi hospitali kwa mzunguko wa tatu wa dawa. Naomba Salamu Maria moja kwa ajili yake, na kama kwenu yupo mgonjwa, mtaje naye papo hapo.