Ukiniita Mdogo Wako: Je, Nyota Anayeuza Vipodozi Ana Deni Gani kwa Mnunuzi?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii linaweza kuonekana dogo. Mwigizaji, mwimbaji au mlimbwende anapotokea kwenye televisheni kuuza poda na rangi ya midomo yenye jina lake, je, anamtendea haki yule anayenunua? Nikiwauliza wenzangu chuoni, wavulana wengi hucheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, hayahitaji falsafa. Mimi naona yanaihitaji. Kuna fedha inayotoka katika mikono ya watu wasio na nyingi, kuna ngozi ambayo mtu hupewa mara moja tu, na kuna maneno ya upendo yanayotumiwa kumshawishi mtu atoe fedha hiyo na kuihatarisha ngozi hiyo. Penye mambo hayo matatu, swali la haki na dhuluma lipo.

Nimekulia Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Malori yanayotoka Dar es Salaam huingilia Kobero, na pamoja na bidhaa nyingine hutuletea katoni za krimu, poda na nywele za bandia. Sehemu kubwa ya Kiswahili chetu imepita njia hiyohiyo, na picha za nyota vilevile. Katika saluni za mjini televisheni huwashwa tangu asubuhi. Msichana anasukwa huku akitazama tamthilia, na katikati ya tamthilia anatokea mwanamke mzuri kupita kiasi, anashika kichupa, anatazama mbele na kusema kitu kama: "Mdogo wangu, siri yangu ni hii." Nataka kulichunguza neno hilo "mdogo wangu", kwa kuwa naamini uzito wote wa swali letu umelala hapo.

Kwanza tuondoe lawama isiyostahili. Wako wanaosema kwamba kujipamba kwenyewe ni uongo, na hawako peke yao. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Gorgias, Sokrates anaiweka sanaa ya kujipamba katika kundi la mambo ya kurairai. Anasema mazoezi ya mwili ndiyo yanayoleta uzuri wa kweli, ilhali rangi na mavazi huleta uzuri wa kuazima, unaomfanya mtu ausahau ule wake. Waswahili nao wana methali inayokaribia wazo hilo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kijaluba kilichopambwa vizuri nje, lakini ukikifunua hukuti kitu cha maana.

Pamoja na heshima yangu kwa Sokrates, hoja yake hainiridhishi. Uongo unahitaji mtu anayedanganywa. Bibi harusi wa pwani anapopakwa hina mikononi na miguuni, hakuna mgeni anayedhani alizaliwa na maua yale. Wanja machoni, liwa usoni, asumini kwenye nywele, udi kwenye nguo: vyote huonekana au hunukia waziwazi, na kila mtu anajua vimewekwa. Kwetu Burundi wanawake wa zamani walijipaka siagi ya ng'ombe ngozi ikang'aa, wakavaa imvutano, na mama aliyezaa alivaa urugori kichwani, taji la ganda la bua la mtama. Taji lile lilitangaza ukweli: huyu amezaa, mheshimuni. Kwa hiyo pambo linaweza kuwa lugha, na lugha inaweza kusema kweli.

Tena, pambo la zamani lilikuwa na mtu nyuma yake. Aliyempamba bibi harusi alikuwa shangazi, somo au kungwi. Alimshika uso kwa mikono yake mwenyewe. Kama dawa aliyompaka ilimwasha, kilio kilisikika nyumba ya pili, na kesho yake shangazi huyo angekutana na mama wa msichana kisimani. Uzuri ulikuwa na mdhamini. Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike tunapoendelea.

Uzuri wa nyota wa sinema ulikuja kwa njia nyingine. Huko Hollywood mafundi kama Max Factor, mhamiaji kutoka Poland, walitengeneza vipodozi vya kumfaa mwigizaji mbele ya taa kali na kamera, kisha wakawauzia wanawake wa kawaida. Tangu miaka ya 1920 sabuni ya Lux imetangazwa kwa nyuso za waigizaji. Wengi huona kwamba uzuri ule wa zamani, wenye mikufu ya lulu na nyusi nyembamba kama uzi, ulikuwa wa uongo kuliko wa leo. Mimi nauona tofauti. Nyota wa zamani alikaa mbali. Alikuwa juu ya ukuta wa sinema, mkubwa kuliko nyumba, na hakujifanya jirani yako. Uliyemtazama ulijua kwamba unatazama ndoto. Umbali ule ulikuwa na ukweli wake.

Televisheni, na baadaye simu, vimeuondoa umbali huo. Marekani kituo cha QVC kilianzishwa mwaka 1986 kwa kazi ya kuuza tu, na watu mashuhuri wakaingia humo na manukato, vito na krimu zao. Huyo nyota hasimami tena juu ya ukuta. Ameketi sebuleni kwako, anazungumza kwa sauti ya chini, anacheka, anakwambia kwamba hata yeye alikuwa na madoa. Umbo la biashara nalo limebadilika. Zamani aliazimisha uso wake kwa kampuni ya mtu mwingine. Leo bidhaa ina jina lake mwenyewe. Katika ukanda wetu tumeyaona hayo pia. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, alitoa rangi ya midomo iliyoitwa Kiss. Jokate Mwegelo, aliyeshindana naye mwaka huohuo, alianzisha Kidoti, jina lililojulikana sana kwa nywele. Kenya, Huddah naye alitoa vipodozi vyake. Siwataji ili kuwalaumu. Binti wa Afrika Mashariki kumiliki jina lake badala ya kulikodisha ni hatua mbele.

Hapa wapinzani wangu huleta methali nyingine: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama poda ni nzuri, kwa nini itembezwe na mtu maarufu? Kujibu hoja hiyo nitatumia habari za mwanamke mmoja ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi kama sisi.

Iman Abdulmajid alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, binti wa mwanadiplomasia. Mwaka 1975 alikuwa anasoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpigapicha Mmarekani, Peter Beard, alimwona barabarani akamwomba ampige picha, naye akakubali kwa sharti kwamba alipiwe karo. Picha zikafika New York, naye akazifuata. Lakini alipofika, alikuta hadithi imemtangulia. Waandishi wa habari walikuwa wameambiwa kwamba ni mchunga mifugo aliyegunduliwa porini, asiyejua lugha yao. Msomi anayejua lugha kadhaa alifanywa kiumbe wa mbugani, kwa sababu hadithi hiyo iliuzika vizuri zaidi. Huo ndio uongo halisi wa biashara ya uzuri, na tuangalie ulikaa wapi. Haukuwa kwenye poda wala kwenye wanja. Ulikuwa katika maneno yaliyosemwa juu ya mtu.

Iman huyohuyo amesimulia kwamba katika siku zake za kwanza za kazi aliulizwa na mpambaji kama amekuja na poda yake ya msingi. Hapakuwa na rangi ya ngozi yake mezani. Alijifunza kuchanganya rangi mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vya Iman kwa ajili ya wanawake ambao maduka yaliwasahau. Je, poda ya mwanamke mweusi ingejiuzaje wakati hata rafu haikuwa nayo? Ilibidi mtu mwenye uso unaojulikana aitembeze. Mwaka 2017 Rihanna alipotoa Fenty Beauty kwa rangi 40 za poda ya msingi, kampuni kubwa zilistuka, lakini haja ilikuwepo miaka yote. Mwaka 2022 Fenty ilianza kuuzwa rasmi katika nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo. Burundi haikuwemo.

Kutokuwemo huko ndiko kunakonirudisha Muyinga. Sisi hupata picha kamili na bidhaa nusu. Tamaa inafika kwa setilaiti, safi na yenye kung'aa. Kinachofika dukani mara nyingi ni kitu kingine chenye jina linalofanana. Msichana mmoja niliyekaa naye chumba kimoja alinunua krimu yenye picha ya mwigizaji mashuhuri kwenye boksi. Baada ya majuma machache mashavu yake yakawa mekundu, kisha meusi kando ya macho. Tuligeuza boksi lile pande zote kutafuta anwani, hatukuona. Muuzaji alisema yeye aliuziwa tu. Pengine mwigizaji yule hakujua kabisa kwamba picha yake iko pale. Kwa hiyo tulikuwa na uso wa kuharibika, uso wa kutangaza, na hakuna uso hata mmoja wa kuulizwa.

Hatari hiyo inajulikana. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa na zebaki, ambayo Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba inadhuru figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama zikomeshe ifikapo mwaka 2020 kutengeneza, kuingiza na kutoa nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Lakini mkataba hausimami dukani siku ya soko. Anayesimama pale ni msichana, picha, na neno "mdogo wangu".

Sasa naweza kuisema hoja yangu. Katika lugha yetu majina ya undugu si mapambo ya mazungumzo. Dada hana budi kuniambia nguo yangu imechanika kabla sijatoka nje. Shangazi hana budi kunionya juu ya dawa iliyomuumiza yeye. Mtu akiniita mdogo wake, amejifunga kwa kamba isiyoonekana: amechukua haki ya kusikilizwa, na papo hapo amechukua wajibu wa kusema kweli. Nyota anayetumia neno hilo na kuacha wajibu wake, anachukua mali ya ukoo wasio wake. Uovu wake hauko katika kupaka rangi wala katika kupata faida. Uko katika kutumia imani iliyojengwa na mashangazi wa kweli kwa vizazi vingi, kisha kutoweka uso unapowasha.

Wajibu huo una sura gani? Aitumie bidhaa kweli, kama anasema anaitumia. Aandike kilichomo kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma. Asimwambie msichana mweusi kwamba weupe ndio uzuri, kwa maana hakuna dada anayemwambia mdogo wake kwamba alizaliwa na kosa. Na pawe na mahali pa kupeleka malalamiko. Akishindwa haya, basi arudi juu ya ukuta kama nyota wa zamani, atuuzie ndoto kwa jina la ndoto. Hiyo nayo ni biashara halali.

Kuna pingamizi moja ambalo sipendi kulipita. Rafiki yangu anayesoma uchumi huniambia: mnunuzi ni mtu mzima, hakushikwa mkono, kwa nini nyota abebe mzigo wa uamuzi wa mwingine? Ni kweli kwamba mnunuzi ana akili, na ni dharau kumwona mtoto. Lakini uamuzi huru unataka habari za kweli. Aliyenipa ushahidi wa uongo amekwisha kuniamulia. Hata mahakamani, anayemkosesha hakimu kwa uongo haachwi eti kwa sababu hukumu aliitoa hakimu.

Wala nisieleweke kwamba nawataka wasichana wa Muyinga waache rangi ya midomo. Nimemwona mwanamke aliyelima tangu alfajiri, jioni akaoga, akajipaka wanja na rangi kidogo, akaenda arusini akiwa ameinua kichwa. Rangi ile ya faranga chache ilimpa kitu ambacho siwezi kukipima, na sioni sababu ya mtu yeyote kumdharau. Ni kwa sababu ya heshima yake ndipo naona anastahili kuambiwa kweli na yule anayemuuzia.

Jibu langu basi ni hili. Kuuza uzuri kwa uso wako si uongo. Kuuza undugu usiokuwa nao ndio uongo. Anayetaka kuniita mdogo wake kupitia kioo cha televisheni anakaribishwa, mradi akumbuke kwamba kwetu mdogo mtu akiumia, mkubwa ndiye wa kwanza kuulizwa: ulikuwa wapi?