Mwaka Mmoja na Siku Moja

Soma Matendo 4:18–20 na 16:22–25. Watawala waliwakataza mitume jambo gani? Paulo na Sila walifanya nini gerezani?

Kabla Marekani haijawa taifa huru, Virginia ilikuwa koloni la Uingereza, na Kanisa la Anglikana ndilo lililokuwa kanisa rasmi. Kodi ya watu wote ililipa mishahara ya wachungaji wake, hata kodi ya wale wasiosali humo. Mhubiri wa dhehebu jingine alitakiwa kuomba kibali cha serikali. Wahubiri wengi wa Kibaptisti, waliosafiri kutoka makazi hadi makazi, walikataa kukiomba. Kwao, agizo la Kristo katika Mathayo 28:19, 20 lilitosha.

Mmoja wao alikuwa Lewis Craig. Aliposhtakiwa kwa kuhubiri, aliwashukuru wajumbe wa baraza lililopitisha mashtaka, akawakumbusha kwamba alipoishi katika uovu hakuna aliyemjali. Miongoni mwao alikuwemo John Waller, aliyejulikana kwa matusi na kamari. Upole wa Craig ulimchoma moyo. Akamtafuta Mungu, akabatizwa mwaka 1767, naye akawa mhubiri.

Juni 4, 1768, Craig, Waller na wenzao walikamatwa katika wilaya ya Spotsylvania kwa shtaka la kuvuruga amani. Mahakimu walikuwa tayari kuwaachia iwapo wangeahidi kutohubiri wilayani humo kwa mwaka mmoja na siku moja. Walikataa. Wakapelekwa gerezani Fredericksburg huku wakiimba, na wakiwa humo wakawahubiria watu kupitia nondo za dirisha. Baadhi yao walikaa siku 43.

Sharti lile lilionekana dogo. Hakuna aliyewaambia wamkane Kristo. Waliombwa kunyamaza kwa muda tu. Lakini anayekubali kuifunga Injili kwa amri ya serikali, hata kwa mwaka mmoja, amekwisha kuikabidhi serikali kile kilicho cha Mungu (Mathayo 22:21). Hawakupigana na askari wala hawakuwatukana mahakimu. Walitii dhamiri, wakakubali kifungo.

Vifungo vya namna hii havikusahauliwa. Mwaka 1774, kijana James Madison wa Virginia alilalamika katika barua kwamba wahubiri walikuwa wamefungwa katika wilaya jirani. Mwaka 1786 aliongoza juhudi zilizofanya bunge la Virginia lipitishe sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson. Mwaka 1791, marekebisho ya kwanza ya katiba ya Marekani yalilizuia bunge la taifa kuweka dini ya serikali au kuzuia ibada.

Uhuru huo haukuwa wa Wabaptisti pekee. Uliwahusu hata wale waliowapinga. Ndivyo inavyopasa. Waller alivutwa kwa Kristo na upole wa mtu aliyemshtaki, si kwa nguvu ya sheria. Moyo haubatizwi kwa amri.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni "mwaka mmoja na siku moja" gani Mkristo anaoombwa leo kazini, shuleni au nyumbani?

2. Mwanafunzi Mwadventista anaomba asifanyishwe mtihani siku ya Sabato. Je, kanisa lake litatetea pia haki ya jirani Mwislamu kwenda msikitini Ijumaa? Kwa nini? (Mathayo 7:12).