Orodha na Mtoto: Tafakuri juu ya Uamuzi wa Agathe Uwilingiyimana

Kila ifikapo tarehe 1 Februari, nchi ya Rwanda huwakumbuka mashujaa wake. Hapa Gisenyi, mji ulioketi ukingoni mwa Ziwa Kivu na kupakana na Goma ukuta kwa ukuta, sisi walimu huwasomea wanafunzi majina ya mashujaa hao na kuwaeleza habari zao kwa ufupi. Katika daraja liitwalo Imena, ambalo ni la pili kati ya madaraja matatu ya mashujaa, mna jina la mfalme, mna majina ya wanafunzi wa shule ya Nyange waliokataa kutenganishwa kwa kabila mnamo mwaka 1997, na mna jina la mwalimu mmoja wa kemia. Mwalimu huyo ndiye Bibi Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Rwanda.

Aghalabu husimuliwa kifo chake, na ni haki kisimuliwe. Lakini mimi, ndugu wasomaji, naomba ruhusa nizungumzie kwanza jambo alilolitenda akiwa hai, mbele ya meza ya ofisi, kwa kalamu na karatasi. Jambo hilo linatuhusu sisi watu wa chaki kuliko watu wengine wote, na kwangu mimi lina deni ambalo sijapata kulilipa.

Alizaliwa mwaka 1953 huko Nyaruhengeri, kusini mwa nchi, katika jamaa ya wakulima. Alisoma, akahitimu, akafundisha hesabu na baadaye kemia katika shule za Butare. Shahada yake ya Chuo Kikuu aliipata mwaka 1985, akiwa mtu mzima mwenye familia. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha kuweka na kukopa kati ya wafanyakazi wa shule aliyokuwa akifundisha. Nalitaja hili kwa sababu wasifu wa wanasiasa hulipita haraka, ilhali mwalimu yeyote aliyewahi kungoja mshahara uliochelewa anajua maana yake. Mwaka 1989 alihamia wizara ya biashara. Vyama vingi viliporuhusiwa aliingia katika chama cha MDR, na mwezi wa Aprili 1992, serikali ya mseto ilipoundwa, akakabidhiwa wizara ya elimu ya msingi na sekondari.

Alichokikuta mezani pale kilikuwa na jina: iringaniza. Sisi tunaofundisha Kiswahili hatuhitaji kamusi kulielewa neno hilo la Kinyarwanda, maana ni ndugu wa damu wa maneno yetu kulingana, kulinganisha na ulinganifu. Neno ni zuri. Nani atakataa mambo yalingane? Na hapo ndipo ilipo hatari yake. Vipande vilivyoandikwa kabila la mtu vililetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na utawala wa baada ya uhuru haukuvifuta. Mapema mwaka 1973 wanafunzi na walimu wengi wa Kitutsi walifukuzwa shuleni na vyuoni. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Juvénal Habyarimana akashika madaraka, na fujo ile ikageuzwa kuwa utaratibu. Nafasi za shule za sekondari zikagawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Watutsi walitengewa takriban 9 au 10 katika kila 100, na katika mgawo wa mikoa, Gisenyi na Ruhengeri, mikoa ya kaskazini, ikapata zaidi ya ilivyostahili. Rais mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Gisenyi.

Basi niseme wazi: sisi tulikuwa walaji wa karamu hiyo.

Mwaka 1985 nilikuwa darasa la nane, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa la mwisho katika elimu ya msingi. Dawati langu nilishirikiana na mtoto mmoja ambaye sitamtaja jina. Katika hesabu, mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa akinichorea sehemu juu ya mchanga kwa kijiti, akigawa duara mara nane, na kunikemea nilipokisia. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu lilikuwamo, lake halikuwamo. Sikupata kuziona alama zangu wala zake. Nyumbani kwetu palichinjwa mbuzi. Yeye alivuka mpaka kwenda kwa jamaa zake Goma kutafuta shule, na baada ya miezi mingi akaniletea barua iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo nusu yake sikuielewa, maana Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya samaki. Nilianza kujifunza lugha hii kwa bidii ili niweze kuijibu barua ile. Mnaponiona leo nikisahihisha ngeli za majina, mjue kwamba asili yake ni hiyo.

Bibi Agathe aliifuta iringaniza. Aliamuru watoto waingie shule kwa kadiri walivyofaulu mtihani, bila ya kutazama kipande cha baba wala kilima walichotoka. Si jambo gumu kulitamka. Sentensi moja yatosha. Lakini waliokuwa wakila kwa sentensi ya zamani walighadhibika mno, na mwaka huohuo wa 1992 watu wenye silaha wakamvamia nyumbani kwake wakampiga. Yeye hakuubatilisha uamuzi wake.

Yamkini msomaji mwenye kupenda hoja atanisimamisha hapa. Atasema: je, kila mgawo ni dhuluma? Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliwatengea wanawake nafasi zisizopungua asilimia 30 katika vyombo vya kufanya maamuzi, nawe umeusifu utaratibu huo mara nyingi. Tena, mtihani wenyewe una macho? Mtoto wa mjini mwenye taa na daftari, na mtoto wa vilima vya Gishwati ateremkaye kwa saa mbili kwenda shule akiwa na njaa, wakiandika mtihani mmoja, je, wamelingana?

Swali hili ni la haki na sipendi kulikwepa. Mtihani si mizani ya Mungu. Sisi tunaoutunga twajua. Lakini nadhani ipo tofauti, nayo si ya tarakimu. Kuna mgawo usemao, "wasipungue hawa", na kuna mgawo usemao, "wasizidi hawa". Wa kwanza humwekea ngazi aliyeachwa chini. Wa pili humwekea dari aliyekwisha panda kwa nguvu zake. Iringaniza ilikuwa dari. Haikumuuliza mtoto kama ana njaa, haikupima umbali wa shule yake, wala haikutaka kujua kama mama yake ni mjane. Ilitaka kujua neno moja lililoandikwa kwenye kipande. Tena wapo watoto wa Kihutu wa kusini, maskini wa kutupwa, walioachwa nje ili wa kaskazini waingie, na hao ndio ushahidi kwamba ulinganifu haukuwa nia yake kamwe. Nakiri hata hivyo kwamba ngazi nayo ikikaa mno ukutani huweza kugeuka dari ya mtu mwingine, na sijui mtu awezaye kuitambua siku inapogeuka isipokuwa yule aliye chini yake.

Kilichonisumbua zaidi, kwa miaka mingi, si wizara. Ni sisi. Waziri hakuwa akiingia madarasani. Aliyeingia na daftari la mahudhurio alikuwa mwalimu, na ni mwalimu aliyewaambia watoto wa kabila hili wasimame wahesabiwe, kisha wakae, kisha wa kabila lile wasimame. Wengi wa walimu hao walikuwa watu wema. Wa kwangu alikuwa mpole, alitununulia dawa ya minyoo kwa fedha zake. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza nani hajaleta kuni. Ningependa kusema kwamba alilazimishwa, na bila shaka fomu ilitoka juu na ilitakiwa kurudi juu. Lakini Bibi Agathe naye alikuwa mwalimu katika nchi ileile, chini ya fomu zilezile. Bila shaka naye alipata kuyashika madaftari hayo. Tofauti ni kwamba kalamu ilipomfikia yeye mahali inapoweza kufuta, alifuta. Wengine, kalamu ilipotufikia, tuliendelea kujaza, tukajiambia kwamba wa kufuta ni mkubwa aliye juu yetu.

Mwezi wa Julai 1993 aliteuliwa kuwa waziri mkuu, na tarehe 4 Agosti Mkataba wa Arusha ukatiwa saini. Mkataba huo ulimtaja mtu mwingine, Faustin Twagiramungu, kuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito itakayokuja. Kwa hiyo tangu siku hiyo Bibi Agathe alikuwa anakilinda kiti ambacho alijua si chake. Sehemu ya chama chake ilimkana. Redio ya wenye chuki ikamfanya kichekesho na shabaha. Serikali ya mpito ikacheleweshwa, mwezi baada ya mwezi, naye akaendelea kukilinda kile kiti.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa. Rais akiwa amekufa, aliyebaki na mamlaka halali ya serikali alikuwa yeye. Alitaka kwenda redioni alfajiri awaambie wananchi watulie. Umoja wa Mataifa ukatuma askari wake, Wabelgiji 10 na Waghana 5, wamsindikize, lakini nyumba yake ikazingirwa na walinzi wa rais. Asubuhi ya tarehe 7 aliuawa pamoja na mumewe, Ignace Barahira. Wabelgiji 10 nao waliuawa kambini siku hiyohiyo. Watoto wake walinusurika mafichoni, wakaokolewa na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyeuawa kwa kombora mwishoni mwa mwezi wa Mei.

Je, ilikuwa wajibu wake kubaki? Nimewasikia watu wenye busara wakisema kwamba mtu mwenye watoto watano hana deni kwa kiti, tena kiti cha kumshikia mwingine, na kwamba angejiuzulu miezi kadhaa nyuma asingelaumiwa na yeyote. Ni kweli asingelaumiwa. Wala mimi, niliyekubali nafasi ya mtoto mwingine nikala na mbuzi juu yake, sina mahali pa kusimama nimwamrishe mtu awe shujaa. Nadhani ujasiri wa namna ile haudaiwi kama kodi. Lakini aliyekwisha wafanyia watoto wa nchi nzima uamuzi wa mwaka 1992, akapigwa, akarudi ofisini, hakuanza kuchagua usiku ule wa Aprili. Alikuwa amekwisha chagua zamani, na usiku ule ulimkuta njiani.

Hapa Gisenyi tunaye wa kumfananisha naye, naye hakuwa na ofisi ya serikali. Félicité Niyitegeka, mwanamke wa Kanisa aliyeongoza Kituo cha Mtakatifu Petro, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvukia Goma. Ndugu yake, afisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994, katika makaburi ya mji huu ambayo wauaji waliyabandika jina la Komini Nyekundu. Leo majina ya wanawake hao wawili husomwa katika daraja moja la mashujaa.

Na serikali iliyoundwa baada ya kuuawa kwa Bibi Agathe iliishia wapi? Iliishia hapahapa kwetu. Mwezi wa Julai 1994 mawaziri wake walikuwa Gisenyi, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wamevuka kwenda Goma pamoja na umati wa watu uliokaribia milioni moja, kwa njia ileile aliyoipita mwenzangu wa dawati alipokwenda kutafuta shule. Barua yake nilimjibu, kwa Kiswahili kilichojaa makosa. Hatukuonana tena baada ya mwaka 1990.

Leo vitambulisho vya Rwanda havina neno lile, na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi, hata nikaajiriwa kufundisha lugha niliyojifunza kwa ajili ya barua. Wanafunzi wangu wamezaliwa baada ya yote haya. Tarehe 1 Februari mwaka huu, nilipokwisha kueleza habari za Bibi Agathe na iringaniza, msichana mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono akauliza, kwa sarufi safi kuliko yangu nilipokuwa na umri wake: "Mwalimu, walipokuwa wakiwaambia msimame, wewe ulisimama lini?"

Nilimjibu kwamba nilisimama mara ya kwanza, pamoja na karibu darasa zima, na kwamba tulikaa upesi. Kisha aliitwa jirani yangu. Alisimama peke yake katika mstari wetu, na mimi nilikuwa nimekwisha kaa, ninaitazama kalamu yangu.